Tumbo la Daktari Livingstone

Kila mwaka ninapofika kwenye mada ya tafsida katika somo la semantiki, huwauliza wanafunzi wangu swali moja ambalo halimo katika silabasi. Huwauliza Daktari David Livingstone alikufa kwa ugonjwa gani. Wengi hujibu bila kusita kwamba alikufa kwa malaria. Wachache husema homa. Kuna mwaka ambapo msichana mmoja alijibu kwamba alikufa akisali, na darasa zima likacheka, ingawa yeye alikuwa ameshika vizuri zaidi kuliko wenzake picha ile tuliyofundishwa sote. Katika miaka yote hiyo sijampata hata mmoja aliyetaja tumbo.

Siwalaumu. Nami nilisoma shule ya msingi hapa hapa Eastleigh katika miaka ya 1990, na mwalimu wetu wa historia alituchorea ubaoni ramani ya safari za mgunduzi huyo kwa mishale ya chaki ya rangi. Mishale ile ilikwenda mbio kutoka bahari hadi bahari na kutoka ziwa hadi ziwa. Haikuonyesha popote mtu akiomba kuteremshwa njiani ili aingie kichakani, kisha akitoka humo hawezi kusimama. Hata hivyo, msomaji akizichukua shajara za Livingstone mwenyewe, na hasa zile za miaka 7 ya mwisho ambazo Horace Waller alizihariri na kuzichapisha mwaka 1874, ataona kwamba mishale ile ilisogea, ikasimama na ikapinda kwa amri ya tumbo. Tumbo ndilo lililoamua ni siku gani msafara uondoke na ni siku gani ulale.

Kisa kilichonirudisha kwenye shajara hizo kilitokea nyumbani kwangu. Ndugu yangu, mtoto wa mama mdogo, alikuja kututembelea kutoka Minneapolis baada ya kukaa ng'ambo karibu miaka 20. Alizaliwa Eastleigh, akacheza kandanda ya matambara katika vichochoro vya Section III, na alipofika alikataa katakata kutendewa kama mgeni. Alikula kila alichoandaliwa na kunywa maji ya mtungi kama alivyoyanywa utotoni. Siku ya tatu akajifungia chumbani, akasema ni uchovu wa safari. Siku ya nne akasema ni homa. Mama yangu, ambaye usiku hulala kwa jicho moja, alikuwa amehesabu mara ngapi mlango wa choo ulilia. Alfajiri tulimkuta ameketi sakafuni ukutani, midomo imemkauka, macho yamezama, hana nguvu hata za kujitetea. Katika zahanati tuliyompeleka, kipimo cha choo kilionyesha bakteria wa kuhara damu. Alipopata nafuu nilimwuliza kwa nini hakusema. Alijibu kwamba kumwambia mama tumbo linamwendesha ni sawa na kumwambia kwamba chakula chake kichafu. Aliona afadhali aumwe kuliko kumwaibisha.

Msomaji atanisamehe nikisema kwamba jibu hilo lilinifanya nimkumbuke Livingstone, kwa maana wawili hawa hawalingani kwa lolote jingine.

David Livingstone alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 katika kijiji cha Blantyre, Uskoti, katika nyumba ya chumba kimoja iliyokuwa mali ya kiwanda cha pamba. Akiwa na umri wa miaka 10 alianza kazi katika kiwanda hicho, tangu saa 12 asubuhi hadi saa 2 usiku, na baada ya hapo akaenda shule ya jioni. Mwaka 1836 aliingia chuo cha Anderson mjini Glasgow kusomea udaktari, akaendelea London, na mwaka 1840 akapewa leseni ya uganga. Machi 1841 alifika Afrika Kusini kama mmisionari wa Chama cha Wamisionari cha London. Huko simba alimvunja mkono wa kushoto mwaka 1844, na mwaka uliofuata akamwoa Mary Moffat. Mambo haya yanajulikana, nami nayapita haraka. Jambo ninalomwomba mwanafunzi alizingatie ni kwamba mtu huyu alikuwa daktari, naye aliufahamu mwili kwa kadiri zama zake zilivyoufahamu.

Zama zake hazikuufahamu sana. Bakteria wa kuhara damu walitambuliwa na Mjapani Kiyoshi Shiga mwishoni mwa miaka ya 1890. Amiba, yule kimelea mwingine aletaye kuhara damu, alielezwa na Fedor Lösch huko St. Petersburg mwaka 1875. Robert Koch aliwatangazia walimwengu habari za kiini cha kipindupindu mwaka 1884. Livingstone alifariki mwaka 1873, kabla ya yote hayo. Kwake kuhara kulitokana na hewa mbaya ya vinamasi, umande, chakula kigumu na jua, na dawa aliyoiamini kwa maradhi mengi ilikuwa vidonge alivyovichanganya mwenyewe kwa kwinini, kalomeli na mizizi ya kuendeshea. Kwinini ilimfaa sana dhidi ya malaria, na kwa hilo alikuwa mbele ya wengi. Kalomeli, lakini, ni chumvi ya zebaki, na kazi yake ni kulisukuma tumbo litoe kila kilichomo. Basi daktari huyu mwenye kuhara alikuwa akijitibu kwa dawa ya kuharisha.

Mapambano yake makubwa ya kwanza na tumbo yalikuwa katika safari ya kutoka Linyanti hadi Luanda, pwani ya Angola. Aliondoka Novemba 1853 na Wamakololo 27, akafika tarehe 31 Mei 1854. Vitabu husifu ujasiri wa safari ile. Yeye mwenyewe ameandika kwamba alipokaribia mji hakuweza kukaa juu ya maksai wake, Sinbad, kwa zaidi ya dakika 10 kwa wakati mmoja kwa sababu ya kuhara damu kusikokoma. Mwingereza pekee aliyekuwa mjini humo, Edmund Gabriel, alimpa kitanda chake mwenyewe, naye akalala kwa usingizi wa mtu aliyelala chini kwa miezi. Alipotakiwa kupanda meli arudi kwao, alikataa, kwa kuwa aliwaahidi Wamakololo kuwarudisha makwao. Mwaka huo huo wa 1854, mjini London, Daktari John Snow aliwashawishi wakuu wa mtaa mmoja waondoe mpini wa bomba la maji baada ya kuonyesha kwamba waliokufa kwa kipindupindu walikunywa kutoka bomba hilo. Wengi hawakumsadiki.

Safari ya pili, ile ya Zambezi ya 1858 hadi 1864, ilikuwa ya serikali, yenye meli na wataalamu. Mary, mkewe, alifariki kwa homa huko Shupanga Aprili 1862. Mwaka uliofuata tumbo liliuvunja msafara. Richard Thornton, mwanajiolojia kijana ambaye mwaka 1861 alikuwa amepima miteremko ya Kilimanjaro pamoja na Baron von der Decken, alifariki Aprili 1863 kwa homa na kuhara damu. John Kirk, daktari wa msafara, na Charles, ndugu yake Livingstone, walilazimika kurudi Ulaya kwa ugonjwa huo huo. Livingstone mwenyewe alilala wiki kadhaa. Haukuwa udhaifu wa mtu mmoja, bali ndio uliokuwa ushuru wa safari, na kila msafiri aliulipa.

Aliporudi Uingereza mwaka 1864 alikuwa na bawasiri iliyotoa damu, mwenza wa siku nyingi wa matumbo yaliyochoka. Waandishi wa maisha yake wanasimulia kwamba Profesa James Syme wa Edinburgh, mmoja wa wapasuaji wakubwa wa wakati ule, alimshauri apasuliwe. Livingstone alikataa. Hakuogopa kisu, bali aliogopa magazeti. Hakutaka umma wa Uingereza usome habari za udhaifu wa mwili wake. Mwaka 1866 akarudi Afrika na kidonda kile kile, na damu aliyoipoteza njiani katika miaka iliyofuata haikuwa ndogo. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, nami sijui kama iko habari inayoiafiki methali hiyo kuliko hii.

Hapa nirudi kidogo kwenye fani yangu. Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya tumbo. Tuna kuhara na kuhara damu, tuna msokoto, tuna homa ya matumbo, tuna michango. Tuna kipindupindu, neno ambalo matamshi yake pekee yanatosha kukuonyesha mwili ukipindwa na kupinduliwa. Tuna safura, kutoka neno la Kiarabu lenye maana ya umanjano, na hilo Livingstone mwenyewe alilinakili alipokuwa Manyema, akaeleza jinsi wagonjwa wake walivyotamani kula udongo, miguu ikavimba na pumzi ikawaishia. Leo tunajua kwamba safura huletwa na minyoo wanaonyonya damu utumboni. Watu wa pwani na wa misafara waliyapa maradhi haya majina kabla ya darubini ya mtu yeyote. Lakini tukikaa mbele ya wageni, maneno hayo yote hutuponyoka. Tumbo linaendesha, twasema, kana kwamba ni gari. Au twasema homa. Tafsida ni adabu, na mimi ni wa mwisho kuipinga adabu, ila mganga hawezi kutibu adabu.

Tarehe 24 Machi 1866 Livingstone alishuka Mikindani akitokea Unguja, ana askari wa Kihindi 13, watu wa Nzwani 10, vijana 9 waliokombolewa utumwani na kusomeshwa Nasik, Bara Hindi, pamoja na wachache wengine. Miongoni mwa hao wachache walikuwamo Chuma, Myao aliyekombolewa mwaka 1861, na Susi wa Shupanga aliyeajiriwa mwaka 1863. Askari walirudishwa, watu wa Nzwani wakatoroka na kupeleka Unguja habari za uongo kwamba ameuawa. Januari 1867 wapagazi wawili walitoroka na mzigo uliokuwa na sanduku la dawa. Ameandika kwamba alihisi kama amesomewa hukumu ya kifo. Alikuwa na miaka 6 na ushei ya kuishi bado, na sehemu kubwa aliishi kwa fadhila za watu ambao biashara yao aliichukia. Tippu Tip alimsaidia mwaka 1867. Mohamad Bogharib, mfanyabiashara wa watumwa na pembe, alimbeba kwa machela akiwa mahututi mpaka Ujiji, Machi 1869, akamlisha na kumwuguza. Mwanafunzi anayetaka shujaa asiye na doa au mwovu asiye na wema ataona taabu katika kurasa hizo.

Mwaka huo huo wa 1869 kipindupindu kiliingia Afrika Mashariki. Daktari James Christie, aliyekuwa akifanya kazi Unguja, alikifuata kwa kuwahoji wafanyabiashara, mabaharia na mahujaji, na mwaka 1876 akatoa kitabu chake. Aligundua kwamba ugonjwa ulitoka Hijazi, ukavuka Bahari ya Shamu, ukapita bara hadi Umasaini, ukateremka na misafara mpaka mji wa Pangani, na kutoka Pangani ukavuka hadi Unguja, ambako uliua maelfu. Kisha ukapanda tena bara kwa njia ya misafara mpaka Ujiji na Manyema. Baadhi ya wapagazi waliokuwa wakipeleka mali na dawa za Livingstone walikufa nao njiani. Hivyo msafiri mmoja alikosa dawa ya tumbo kwa sababu wasafiri wengine walikuwa wakiharishwa mpaka kufa. Tumezoea kumsikitikia msafiri mgonjwa, na ni haki yake. Ila ugonjwa nao husafiri, na hauna haja ya hati ya kusafiria.

Sisi wa Eastleigh tunapaswa kulijua hilo kuliko wengi. Kabla uwanja wa Embakasi haujafunguliwa mwaka 1958, abiria kutoka ng'ambo walishukia katika uwanja wetu wa ndege, pale ilipo kambi ya jeshi la anga. Ng'ambo ya Juja Road kuna Pangani, yenye jina lile lile la mji wa pwani, ambako zamani palikuwa na kijiji cha Waswahili hadi serikali ya kikoloni ilipokibomoa mwishoni mwa miaka ya 1930 na kuwahamishia wakazi Shauri Moyo. Leo ndugu zetu wanarejea kutoka Minnesota, Toronto, London na Dubai kuhudhuria harusi na kuwaona wazee, na mabasi yanakuja kutoka Garissa, Moyale na Kampala. Mabomba yakikauka, maji huja kwa mkokoteni, na mwenye mkokoteni haulizwi alikoyateka. Mwaka 2017 kipindupindu kiliwapata hata wajumbe waliokuwa mikutanoni katika hoteli za Nairobi. Wataalamu wa tiba ya wasafiri hukadiria kwamba kati ya watu 30 na 70 katika kila 100 huharishwa katika majuma 2 ya mwanzo ya safari, kulingana na mahali na majira, na kwamba mara 8 au 9 katika kila 10 chanzo ni bakteria. Vimelea kama giadia na amiba ni wachache zaidi, lakini hao hukawia, huenda wakajitokeza wiki moja au mbili baadaye, wakati msafiri amekwisha rudi kwake na kusahau alichokunywa. Na wanaopuuza hadhari kuliko wote ni wale wanaorudi nyumbani, kwa kuwa nani atakayechemsha maji ya mama yake?

Huku mitaani dawa ya kila tumbo ni Flagyl ya dukani. Dawa hiyo huua amiba na giadia. Haimgusi yule bakteria aliyemwangusha ndugu yangu, wala wengi wa wenzake. Mtu anayetoa damu chooni anahitaji kipimo, na kabla ya kipimo anahitaji maji, sukari na chumvi, mchanganyiko ambao ulionyesha nguvu zake katika kambi za wakimbizi wa Bangladesh mwaka 1971. Livingstone alikuwa na sukari na chumvi kwa vipindi vingi vya safari yake. Elimu ya kuvichanganya kwa kipimo ndiyo iliyokuwa haijazaliwa.

Turudi Manyema. Julai 15, 1871, sokoni Nyangwe, Livingstone alishuhudia watu wa wafanyabiashara wakiwamiminia risasi wanawake waliokuja kuuza na kununua, na mamia wakafa kwa risasi au kwa kuzama mtoni. Alirudi Ujiji akiumwa tumbo njia nzima, akafika Oktoba 23 akiwa mifupa mitupu, akakuta mali yake imekwisha kuuzwa. Siku chache baadaye akaja Stanley. Kila mtoto wa shule anajua maneno yanayosemekana Stanley aliyatamka, nami sitayarudia. Wasichoambiwa ni kwamba kilichofuata kilikuwa chakula. Livingstone, aliyekuwa akila mara mbili kwa siku chakula kisichokubalika tumboni, alianza kula mara nne, na nguvu zikamrudia. Aliyekuwa jikoni ni Halima, mpishi wake, ambaye Stanley amemweleza jinsi alivyohangaika siku ile kwa hofu kwamba hana cha kumtosha mgeni.

Halima anastahili aya yake. Alikuwa mtumwa, mume wake akiitwa Amoda, na kwa miaka alikipika chakula cha mtu ambaye meno yake yalikuwa yamelegea kwa kutafuna mahindi makavu na tumbo lake halikupokea kila kitu. Kazi hiyo haimo katika ramani ya chaki. Mwaka 1872, wakiwa Kwihara karibu na Tabora, Halima aligombana na mwanamke mwenziwe akatoroka, kisha akarudi. Livingstone aliandika siku hizo kwamba hakuna aliyemtumikia kwa bidii na uaminifu kumpita, na kwamba wakifika Unguja atamwacha huru na kumnunulia nyumba na bustani.

Stanley aliondoka Machi 14, 1872, na kutoka pwani akatuma wapagazi 57, akiwemo Jacob Wainwright aliyesoma Nasik. Agosti 25 Livingstone aliondoka kwenda kusini kutafuta chimbuko la Nili mahali ambapo halikuwepo. Kuhara damu kulimrudia mwezi uliofuata na hakukumwacha tena. Mapema mwaka 1873, katika masika, waliingia vinamasi vya Bangweulu. Watu wake walimbeba mabegani kwa zamu katika maji ya kiunoni hadi shingoni, Susi akitangulia. Aprili 10 aliandika kwamba damu inamtoka kwa wingi na kwamba hana damu iliyobaki. Kuanzia Aprili 22 walimbeba juu ya kitanda walichokitengeneza kwa miti na nyasi, na neno hilo, kitanda, limebaki kwa Kiswahili katika kitabu chao cha Kiingereza. Aprili 27 kalamu yake iliandika kwa mara ya mwisho, na katika mistari hiyo michache amesema kwamba wametumwa watu kununua mbuzi wa maziwa. Alikuwa bado anatafuta kitu ambacho tumbo litakikubali. Hawakupatikana. Siku mbili baadaye kitanda kilikuwa hakipiti mlangoni, wakabomoa ukuta wa kibanda ili kukisogeza karibu naye.

Usiku wa mwisho, kijijini kwa Chitambo, alimwita Susi, akaomba sanduku la dawa, na kwa taabu kubwa, macho yakiwa hayaoni vizuri, akachagua kalomeli. Akaagiza vikombe viwili, kimoja na maji, akamwambia Susi aende zake. Kabla ya mapambazuko kijana Majwara aliwaamsha. Walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, uso mikononi. Hiyo ni tarehe 1 Mei 1873, kwa hesabu inayotumiwa zaidi. Picha ya magoti ilisambaa dunia nzima. Kikombe cha kalomeli hakikuchorwa.

Waliokuwepo hawakuona haya. Farijala, aliyewahi kumtumikia daktari mmoja Unguja na kuona maiti ikichunguzwa, aliupasua mwili, akakuta upande wa kushoto donge la damu iliyoganda kubwa kiasi cha kiganja cha mtu, na mapafu yamekauka yana mabaka meusi na meupe. Wakamwita kila mmoja aangalie. Moyo na viungo vya ndani vilizikwa chini ya mti, ndani ya mkebe wa unga, na Jacob Wainwright akasoma sala za maziko. Mwili ukatiwa chumvi, ukaanikwa juani siku 14, ukafungwa kwa kaniki, magome ya mti na turubai. Yote tunayoyajua kuhusu ndani ya mwili wa Livingstone yametoka kwa Farijala, na ushahidi wake ni bora kuliko wa madaktari wengi walioandika baadaye wakiwa Ulaya.

Walipoanza safari ya kurudi, nusu ya msafara iliugua kwa siku tatu tu, wakalala njiani karibu mwezi, na wanawake wawili wakafa. Oktoba walifika Unyanyembe wakamkuta Luteni Cameron, ambaye alishauri mwili uzikwe hapo. Walikataa. Kwa sababu watu wa njiani hawakutaka maiti ipite, walifunga rundo la vijiti likafanana na maiti, wakajidai wanarudisha mwili Unyanyembe, na mwili wenyewe wakaufunga upya kama robota la nguo. Februari 1874 waliufikisha Bagamoyo, baada ya miezi 9 na zaidi ya kilomita 1,500. Tarehe 18 Aprili ulizikwa Westminster Abbey, na Wainwright akiwa miongoni mwa walioshika jeneza. Chuma na Susi walifika baadaye, wakakaa na Waller wakimsaidia kuzifasiri shajara. Chuma alifariki Unguja mwaka 1882, Susi mwaka 1891, na Wainwright huko Urambo mwaka 1892.

Halima naye aliufuata mwili mpaka Unguja, kwa miguu, pamoja na wanaume. Katika tanbihi fupi Waller ameandika kwamba kifo cha bwana wake kilimwacha bila malipo yoyote kwa utumishi wake wa miaka mingi. Nyumba haikununuliwa, wala bustani.